Safu ya Sita

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumanne, nilikuwa nimelala chali chini ya mashine ya kumenya kahawa katika kiwanda cha chama chetu hapa Kanja, nikibadilisha beringi ya upande wa kushoto, simu ilipoita mfukoni. Nina hakika na saa kwa sababu nilikuwa nimeiandika kitabuni dakika mbili kabla, nilipoanza kukaza nati. Huwa ninaandika kila kazi: tarehe, mashine, kazi yenyewe, muda, saini yangu, na katika safu ya mwisho namba yangu ya kitambulisho. Vijana wa kiwandani huicheka safu hiyo. Huniuliza ni nani atakayekuja kutoka Embu mjini kutafuta namba ya mtu aliyebadilisha beringi ya mashine ya kahawa. Mimi huendelea kuiandika. Aliyepiga simu alikuwa Kawira, ambaye sikuwa nimesikia sauti yake kwa miaka zaidi ya ishirini, na hakuzunguka. "Njue, Mzee Kaberia ametuacha. Mazishi ni Ijumaa. Usipokuja sitakulaumu, lakini nitashangaa." Nikamwambia nitakuja. Nikarudi chini ya mashine, nikamaliza nati zote nne, nikatoka, nikanawa mikono na kuandika muda wa kumaliza. Nilipofika kwenye safu ya saini nilikaa na kalamu mkononi hadi kijana wa zamu akaniuliza kama wino umeisha.

Watu wa kwetu huniita Rubani. Hata waendesha bodaboda wa Runyenjes, ambao walikuwa hawajazaliwa mwaka ninaousimulia, huniita hivyo wakiniona na begi langu la spana: "Rubani, leo tunatua wapi?" Ukweli ni kwamba sijawahi kupanda ndege hata mara moja. Nilichotaka ni kuwa fundi wa ndege, na tofauti ya mambo hayo mawili sijafaulu kumweleza mtu yeyote wa Kanja, wakati ule wala sasa. Rubani huendesha, fundi ndiye husema kama ndege itaendeshwa au italala. Jambo hilo la pili ndilo lililonishika. Katika maktaba ya shule yetu kulikuwa na kitabu cha injini ya ndege kisicho na jalada, sijui kilifikaje huko, na nilikisoma kwa mihula mitatu bila mwalimu yeyote kuniagiza. Mawingu hayakuwa shida yangu. Kilichonivutia ni kwamba kila nati mle ndani ilikuwa na kipimo chake cha kukazwa, na kila kazi ilikuwa na mtu aliyetia saini kwamba ameifanya, ili ndege ikianguka ijulikane ni mkono wa nani. Nilikuwa nimekulia mahali ambapo pampu ya maji ikiharibika hakuna aliyeigusa, na daraja likivunjika hakuna aliyelijenga. Kitabu kile nilikisoma kama habari njema.

Nilitafuta masharti na nikayapata. Ili ukubaliwe kufanya mtihani wa kwanza wa leseni ulihitaji, pamoja na vyeti vya shule, kitabu cha saa za kazi za mwaka mzima, kila mstari umetiwa saini na mhandisi mwenye leseni. Bila kitabu hicho ungeweza kuijua injini kuliko aliyeitengeneza na usiruhusiwe hata kuingia kwenye chumba cha mtihani. Nikaandika barua kwa kampuni moja ndogo iliyokuwa na ndege mbili za kunyunyizia dawa mashamba ya ngano, yenye hanga yake, banda la kutengenezea ndege, chini ya Nchiru, nchi ya Meru inapoanza kukauka kuelekea tambarare. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa mkono, mistari mitatu: Njoo. Mshahara hakuna. Chakula cha mchana kipo. Chini kabisa: Kaberia, Fundi. Wiki hiyohiyo chama cha kahawa kilikuwa kimeniandikia nafasi ya karani, nianze Jumatatu. Niliiacha. Aliyeichukua alistaafu mwaka jana kwa sherehe kubwa, na mimi ndiye niliyeitwa kurekebisha spika zilipokataa kuwaka.

Nchiru ya leo ni hosteli juu ya hosteli, nguo za wanafunzi zimeanikwa kwenye kila veranda. Wakati ule nyumba za kupanga zilikuwa chache, na mimi nilipanga chumba cha mbao nyuma ya kioski cha mama yake Kawira. Kitanda kilijaza chumba. Meza ilikuwa ubao uliopigiliwa ukutani, na juu yake niliweka taa, kitabu kile kisicho na jalada, na kitabu kipya cha saa nilichokipiga mistari mwenyewe kwa rula kufuata mfano niliotumiwa. Ukuta kati yangu na kioski ulikuwa mbao tupu, kwa hiyo niliishi ndani ya mazungumzo ya watu wengine. Nilijua ni mwalimu yupi anakula kwa deni na ni mwanafunzi yupi ameandikiwa barua na wasichana wawili. Kimeru si Kiembu, lakini masikio ya mtu wa Kanja hayahitaji mwezi kuzoea. Mama Kawira alinipa uji alfajiri na githeri ya mahindi na maharagwe jioni, na Jumapili baada ya kanisa mukimo wa viazi na ndizi vilivyopondwa, na kila mara aliniuliza mbele ya wateja kama kwetu Embu tunakula chakula au tunatafuna majani ya muguka tukashiba. Mimi nilijibu kwamba muguka angalau haufungwi kwa majani ya migomba kama mtoto mchanga, jinsi wao wanavyofunga miraa. Wateja walicheka. Yule mama alinipenda, nadhani, na hilo ndilo linalofanya ninayoyaandika hapa chini yanikere zaidi.

Kawira alikuwa karani wa stoo pale hangani. Alinizidi mwaka mmoja na alikuwa na desturi ya kuuliza swali mara moja tu, halafu kunyamaza akikutazama. Asubuhi pikapu ya kampuni ilituchukua sote wawili kutoka barabarani na kutushusha mbele ya hanga: mabati, sakafu ya saruji iliyopasuka, ndege mbili za manjano, na harufu ya dawa ambayo sabuni haikuitoa. Mzee Kaberia alikuwa amefika tayari, siku zote. Alikuwa mfupi, wa makamo ya kuelekea uzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, na ovaroli yenye vifungo vyote. Alikuwa amejifunza kazi katika mashamba makubwa, chini ya watu waliokwisha kuondoka nchini, na hakuna injini iliyomdanganya. Alikuwa na chombo kimoja ambacho hakuna mtu aliyekishika bila ruhusa yake: spana ya kupimia mkazo wa nati, ndani ya sanduku la mbao, imefunikwa kwa kipande cha blanketi. Hiyo spana haikuwa ya kampuni. Alikuwa ameinunua mwenyewe, ujana wake, kwa malipo ya polepole.

Nilikaa wiki sita bila kuigusa. Alinianzisha na waya: kila boliti ya injini ya ndege hufungwa waya mwembamba uliosokotwa, ukivuta upande wa kukaza, ili nati ikitaka kulegea waya uikatalie. Nilisokota, akakata, nikasokota tena. Siku aliponipa spana aliniweka mbele ya silinda namba tatu na kusimama nyuma yangu. "Usitumie nguvu, tumia sikio," alisema. "Ikisema tak, acha. Wewe ni kijana, utataka kuongeza kidogo. Hicho kidogo chako ndicho kitaua mtu." Nilivuta, nikasikia tak, nikaacha. Akaniambia niende nikanywe chai. Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo. Hadi leo, nikikaza nati ya mashine ya kahawa kwa spana ya kawaida, mkono wangu hungoja ile sauti, na haiji.

Ndege zile zilikuwa na kiti kimoja, cha rubani, na mbele yake tangi la dawa. Hakuna mahali pa kumpakia mtu mwingine. Niliziosha, nikazifungua, nikabadilisha plagi zake na matairi na nyaya za usukani, na kila baada ya saa mia za kuruka tuliivua injini vifuniko vyote na kuikagua kipande kwa kipande kwa siku nne. Siku ya tano rubani alipanda, injini ikawaka, na kitu nilichokuwa nimekishika mikononi kilikimbia kwenye udongo mwekundu, kikaacha ardhi. Mlio ukibadilika, Mzee Kaberia aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua. Mimi nilihesabu silinda kwa sikio. Wanaosema urukaji ni wa marubani hawajasimama hapo. Rubani hujua kwamba anapaa; fundi hujua kwa nini, na hukaa chini hadi irudi, akingoja kuambiwa kama alikuwa sahihi. Nyumbani nilipoeleza hivi waliniuliza kama nimeshaona Kanja kutoka juu.

Jambo moja niliona na nikalisoma vibaya. Kila ukaguzi mkubwa ulipokwisha alikuja mhandisi kutoka Nairobi, kijana wa shati jeupe, akiwa na muhuri katika kibweta. Alitia saini kwenye vitabu vya ndege ofisini huku akinywa chai na mandazi, na mara nyingi hakufika hangani hata kunawa mikono. Siku hizo Mzee Kaberia hakuonekana. Alikwenda kwenye tangi la maji, au alikumbuka kwamba ana mbuzi mgonjwa nyumbani. Nilidhani anamdharau yule kijana, na nilimwona ana haki. Mlinzi wetu, Mutwiri, aliyekuwa na kitita chake cha miraa kuanzia saa sita, alisema siku moja kwamba ndege zetu hutengenezwa na mkono na kubatizwa na muhuri. Nilicheka. Nikaendelea kuchuja mafuta.

Sasa nieleze kitabu. Kilikuwa na safu sita: tarehe, ndege, kazi, saa, saini ya mhandisi, namba ya leseni yake. Kila Ijumaa alasiri niliweka kitabu juu ya meza ya kazi, Mzee Kaberia akafuta mikono kwa kitambaa, akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari. Alinisahihisha. Nikiandika "nimebadilisha plagi" alinifanya niandike ni plagi ngapi, za silinda zipi. Halafu alitia saini katika safu ya tano kwa mwandiko wake wa shule ya zamani, ulioegemea kulia. Safu ya sita aliiruka. Ijumaa ya kwanza aliniambia, bila kuniangalia, kwamba namba atazijaza zote kwa pamoja mwishoni. Nikasema sawa, Mzee. Mimi, ambaye nilirudi kutoka barabarani jioni moja, mwendo wa saa nzima kwa miguu, kwa kuwa sikukumbuka kama nimekunja pini ya gurudumu la nyuma, niliangalia safu tupu ikishuka ukurasa baada ya ukurasa kwa miezi kumi na moja na kusema sawa, Mzee.

Ni Kawira aliyeuliza, mwezi wa tatu au wa nne, tukiwa stoo tukihesabu vichujio. Alitaka kujua kama nimeiona leseni ya Mzee kwa macho. Nilimwambia sijaiona na siwezi kuomba kuiona. Akauliza kwa nini, akanyamaza akinitazama. Nilikasirika, kwa sababu alijua sababu kama ninavyoijua. Kwetu, na kwao pia, kijana haendi mbele ya mzee anayemfundisha kazi na kumwambia, nionyeshe karatasi zako. Ni sawa na kumwambia baba wa rafiki yako athibitishe kwamba nyumba unayolala ni yake. Mtu huyo alinishirikisha chakula chake. Mke wake alinitumia viazi vikuu kwa Krismasi. Nilimjibu Kawira kwamba kuna mambo hayaulizwi. Akaandika idadi ya vichujio, akapiga mstari chini yake. "Haya. Basi usije ukalia kwamba hukujibiwa."

Na bado nilipewa nafasi nyingine, kupitia ule ukuta wa mbao. Ilikuwa Jumamosi mchana, nimejilaza na kitabu, nikasikia Mzee Kaberia akiwa kioskini akinywa chai. Mama Kawira alimwambia, kwa sauti ya mtu anayerudia jambo, amwambie huyu mtoto wa watu kabla mwaka haujaisha. Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni. Kisha Mzee akasema, "Ataniuliza. Siku akiniuliza, nitamwambia." Niliyasikia maneno yote, kila moja, na niliyaelewa. Nilidhani yanahusu mshahara, kwamba kampuni haina mpango wa kuniajiri baada ya mwaka, na kwa kuwa mshahara sikuufuata, niligeukia upande wa pili nikaendelea kusoma. Nimeirudia alasiri hiyo mara nyingi. Mbao zilikuwa na unene wa kidole. Ningegonga tu, wangenisikia.

Mwisho wa mwezi wangu wa kumi na moja pale hangani, tarehe ya kupeleka maombi ya mtihani ilikuwa imebaki siku tisa; mwezi uliosalia ungetimia kabla ya mtihani wenyewe. Mzee alikuwa hajajaza namba. Badala ya kumuuliza nilifanya ujanja wa mtu mwenye adabu mbaya: niliomba ruhusa ya siku mbili, nikaenda Nairobi kwenye ofisi ya leseni na kitabu kama kilivyo, nikitumaini kwamba saini zingetosha, au kwamba ofisini wangeijua namba yake na kuijaza wenyewe. Mama mmoja mwenye sweta ya kijani alikipokea dirishani. Alikisoma vizuri, sitasema vinginevyo. Alifungua hadi katikati, akasifu mwandiko. Kisha akaweka kidole juu ya safu ya sita akakishusha taratibu hadi chini ya ukurasa, akafungua ukurasa mwingine, akafanya vilevile. Akaenda nyuma kwenye makabati, akakaa dakika ishirini na tano, akarudi na faili nyembamba ambayo hakunionyesha. Aliniambia mtu huyu alikuwa na leseni zamani. Iliisha miaka saba iliyopita, alitakiwa kufanya karatasi mpya za mtihani, alijaribu mara mbili, hakupita, hakurudi tena. "Hizi saa zako, kijana, sisi hatuzioni," alisema. Nilimwambia nilizifanya. Alisema hana shaka nilizifanya.

Nilifika hangani kesho yake kabla ya saa mbili. Mzee Kaberia alikuwa amekaa juu ya kreti, anasafisha plagi kwa brashi ya waya, na alipoona kitabu kwapani mwangu aliacha kusugua. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakapotea isipokuwa yale yaliyonifunga mwaka mzima. "Mzee, naomba namba ya leseni yako." Aliweka plagi kwenye kitambaa, akaweka brashi kando yake, sambamba. Alisema, "Sina." Akasema pia kwamba karatasi zile mpya zilikuwa za kuchagua majibu kwa kutia alama, na kwamba yeye akipewa majibu manne huona jinsi yote manne yanavyoweza kuwa kweli, kutegemea injini ni ipi. Sikutaka kusikia. Nilimuuliza kwa nini alitia saini. "Kazi ilikuwa nzuri," alisema. "Ningeikataaje?" Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hapo alinitazama, na nilichokiona machoni mwake kilinikasirisha, kwa kuwa kilikuwa mshangao. "Hukuniuliza, Njue. Ungeniuliza siku ya kwanza ningekwambia. Mtu mzima hawezi kuanza tu kumwambia kijana kwamba amefeli." Nikamjibu kwamba kijana hawezi kuanza tu kumuuliza. Tukabaki hivyo, kila mmoja na adabu yake, na plagi kati yetu.

Bado palikuwa na mlango mmoja. Mhandisi wa Nairobi alikuja siku mbili baadaye kwa ajili ya ukaguzi wa ndege ya pili, na nilimfuata ofisini kabla chai haijamiminwa. Nilimweleza yote bila kumsengenya mzee. Nilimwonyesha kwamba kazi zangu zote zimo katika vitabu vya ndege ambavyo yeye mwenyewe amevitia saini: ukaguzi uleule, tarehe zilezile. Kama ndege zilikuwa sawa, basi na kazi ilikuwa sawa. Alikipitia kitabu changu kwa heshima, akakifunga, akakisukuma kwangu kwa vidole viwili. Alisema anasikitika. "Sikukuona ukifanya kazi. Siwezi kutia saini kitu ambacho sikukiona kwa macho yangu." Kisha akavuta kitabu cha ndege, ambayo ilikuwa nje na vifuniko vyake vimefungwa na hakuwa ameikaribia, akatia saini na kupiga muhuri, na kuuliza mandazi yako wapi. Nimesoma mengi tangu siku hiyo, peke yangu, juu ya metali na umeme na maji, na kuna maswali nimeyapatia majibu. Hilo halimo.

Nilifunga virago Jumamosi. Sikumuaga Mzee Kaberia. Mama Kawira alinifungia chapati nne kwenye gazeti na hakufanya utani wa muguka. Nilimwambia, "Ulijua." Akajibu kwamba ndiyo, alijua, na kwamba siri ya mtu mzima haitangazwi na mwanamke wa kioski. Hanga ile ilifungwa miaka michache baadaye, ndege ziliuzwa. Mimi nilianza na mashine za kahawa, kisha pampu, kisha mizani ya kituo cha kununulia chai. Kuanza tena kwingine kungenidai mwaka mwingine bila mshahara, na sikuwa nao.

Mwezi mmoja baada ya kurudi kwangu, Mzee Kaberia alikuja Kanja. Alitembea kutoka barabarani akiuliza njia, na ovaroli alikuwa ameiacha, alivaa koti. Nilimwona kutoka shambani, kati ya mibuni, nikabaki huko. Nilijifanya napogoa. Mama yangu alimpa chai na mukimo, akamsemesha kwa Kiembu akajibiwa kwa Kimeru, wakaelewana vizuri. Alikaa kwa saa moja na nusu. Mama aliniita mara mbili, na mara mbili sikuitika. Alipoondoka alimwachia bahasha, akasema, "Mpe fundi." Mwaka mzima alikuwa akiniita kijana. Ndani ya bahasha kulikuwa na noti tisa za elfu moja, mpya, na hakuna hata mstari mmoja wa maandishi.

Kiasi hicho kilinisumbua kuliko kama kingekuwa kidogo. Nilijaribu kukilinganisha na kitu. Kodi ya chumba kwa miezi kumi na moja haikufika hapo. Ada ya mtihani ilikuwa ndogo zaidi. Nauli, chakula, mshahara wa kibarua kwa siku nilizofanya: nilipiga hesabu nyuma ya kalenda, na hakuna kilicholeta tisa kamili. Fedha isiyo na chanzo siwezi kuitumia, na aliyeileta sikutaka kumuuliza. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kuuliza, lakini kwa wengine wote isipokuwa yeye. Niliiweka ndani ya kitabu cha saa, kwenye ukurasa wa mwisho, na kitabu ndani ya kopo la bati. Noti za zamani za elfu moja zilipoondolewa, redio ilitangaza kila siku kwa miezi, na tarehe ya mwisho ya kuzibadilisha niliijua. Siku hiyo nilikuwa Runyenjes, hatua mia mbili kutoka benki, nikinunua grisi. Nilitazama foleni. Nikarudi nyumbani.

Ijumaa nilifika mazishini mapema nikapewa ratiba yenye picha yake, miwani ileile. Wasifu ulisema marehemu alikuwa mhandisi wa ndege mwenye leseni. Nilitoa kalamu. Kuna mtu ndani yangu ambaye hawezi kuacha kosa limechapishwa, na mtu huyo alikuwa tayari ameifungua kalamu nilipoona Kawira amesimama kando yangu, mnene sasa, mwenye hosteli yake ya ghorofa tatu pale Nchiru, ananitazama kwa ule ukimya wake. Niliifunga kalamu. Baada ya kaburi tulikaa kwenye viti vya plastiki na sahani za pilau, tukazungumza juu ya mama yake, aliyetangulia miaka sita iliyopita, na juu ya magoti yetu yanayouma. Halafu aliuliza, mara moja tu, kama Mzee alinifikishia zile pesa. Nikamwambia alizifikisha, na kwamba mpaka leo sijajua zilikuwa za nini. Aliweka sahani chini.

"Ni za spana, Njue. Alimuuzia yule mhandisi wa Nairobi. Mimi ndiye niliyeandika risiti."

Nilimuuliza kama lile sanduku na kile kipande cha blanketi vilikwenda pia. Alisema vilikwenda vyote. Alisema Mzee alifunga sanduku mwenyewe, akangoja ahesabiwe fedha, na kwamba tangu siku hiyo alipokaza nati alikaza kwa sikio tu, na ikabidi kampuni inunue spana nyingine ambayo hakuiamini. Nilitaka kujua kwa nini hakuniletea spana yenyewe. Kawira aliniuliza, kwa upole, kama ningetoka kwenye mibuni kuipokea.

Nilirudi Kanja jana. Nimefungua kopo, nimetoa kitabu, nimezipanga noti juu ya meza mstari mmoja. Bado ni mpya, hazina mkunjo. Hakuna benki itakayozichukua. Nimefungua ukurasa wa mwisho wa kitabu, mstari wa mwisho, ambapo saini yake imeegemea kulia na safu ya sita ni tupu, na nimeandika hapo namba pekee ninayoweza kuithibitisha, niliyoihesabu mara mbili na ambayo risiti yake iliandikwa: 9,000.